Kilo Nne Kabla ya Tarehe Tano

Jumamosi, 20 Desemba

Haya, andika. Anayeshika kalamu ni mpangaji wangu, mshonaji wa chumba cha uani. Mimi darasa sikulijua hata mlango wake. Nimemwambia asininyooshee maneno, aandike ninavyotema. Daftari kanipa nesi, eti kila ninachotia mdomoni kiandikwe.

Goti la kulia limekwisha. Mfupa unasaga mfupa. Chooni naenda nimeshika ukuta, na juzi nimekwenda kwa makalio, mtu mzima mimi! Daktari kasema watalipasua, ila nisizidi kilo tisini, dawa ya usingizi isije ikanichukua jumla. Nina tisini na nne. Tarehe tano napanda mzani. Nikizidi, nafasi apewe mwingine, mimi nisubiri mwaka. Mwaka! Nitautambaa?

Na hapo katikati watoto wanakuja kula sikukuu.

Leo: uji bila sukari. Msiba mtupu.

Jumanne, 23 Desemba

Mzani hatuna. Mshonaji kasema tupime kiuno kwa tepu yake, kiuno kikishuka na kilo zimeshuka. Jumamosi kilikuwa inchi arobaini na nne.

Leo kaingia binti yangu mkubwa na mumewe, mabegi kama wanahama. Sasa hapa kwangu sufuria haliteremki mpaka mimi nionje chumvi. Ndivyo tulivyo tangu enzi za mama mkwe wangu — Mungu amrehemu, ulimi mkali yule, kwa chumvi na kwa watu. Nikasema leo waonje wenyewe. Binti akanuna, akauliza kanikosea nini. Nikaonja. Akaongeza chumvi, akaniletea tena. Mchuzi, maharage, wali — andika vijiko tisa. Vya kupakulia. Usiniangalie hivyo, andika.

Habari za kilo sijawaambia. Wanajua napasuliwa tu. Niwakalie mezani kama askari?

Ijumaa, 26 Desemba

Arobaini na mbili! Mshonaji kapima mara mbili. Tepu ya juzi kaisahau kwa mteja, katumia ile yake ya zamani, lakini inchi ni inchi. Mbili zimekwenda! Nimelia.

Na kitinda mimba kafika, miaka minne sijamtia machoni. Kaomba ruhusa kazini mwezi mzima, bila mshahara, aje aniuguze nikishapasuliwa. Kaja na keki kaioka mwenyewe. Nimekula kipande. Viwili. Kiuno si kimeshuka?

Jumatano, 31 Desemba

Bado arobaini na mbili. Wali, nyama. Keki. Soda nusu — haya, chupa nzima. Mkwe wangu kasema nimenawiri. Neno hilo sikulipenda.

Ijumaa, 2 Januari

Nimekwisha.

Asubuhi kaja mteja na gauni aliloshonewa na mshonaji, halipiti kiunoni. Kasema kapimwa kama gunia la mkaa. Mshonaji kabisha, kisha katoa rula yake ya mbao, kailaza tepu juu yake. Tepu imelegea! Imevutika kama lastiki ya sketi kuukuu, kila inchi yake ni inchi na kitu. Huyu nguo anakata kwa rula, watu anapima kwa tepu.

Nikamwambia funga mlango. Tukazungusha uzi kiunoni, tukaupima kwa rula. Arobaini na tano.

Nimeongezeka. Wiki nzima nakula nikijisifu.

Kashika kichwa. "Bibi, nimekuponza." Kuandika hili hataki, nami nasema aliandike lote, na kosa lake humohumo. Halafu nikamwambia asilie, kitambaa cha watu kitaloa.

Watoto nimewaambia mezani. Mkubwa kasukuma sahani yake, analia kwa sababu ya kuonja. Kitinda mimba ndiye kanitazama. "Mama, ruhusa hii sipewi tena. Kwa nini hukusema?"

Niliona haya. Nimezaa sita, nimezika mume, halafu niombe watu wanifichie wali?

Jumapili, 4 Januari

Maji. Nusu tango. Kizunguzungu. Mkubwa kaonja mwenyewe, chumvi imezidi, wote wamekula hivyohivyo.

Jumatatu, 5 Januari

Tuko hospitali, kwenye benchi. Mshonaji anaandikia gotini. Nimevua viatu, hereni, kilemba — kitinda mimba kavishika vyote, kasema nisivue na meno. Tumecheka kidogo. Tumbo linanguruma mpaka jirani kageuka.

Wameniita.

Njoo na daftari, simama hapo. Mzani una kidaraja. Mguu wa kushoto umepanda. Wa kulia haupandi, nimeuinua kwa mkono, kama mzigo. Haya, nimo. Nimeshika ukuta kwa mikono miwili. Tarakimu zinarukaruka, mimi sizijui. Usinisomee!

Nesi kasema, "Bibi, achia ukuta. Ukishika hausomi sawa."

Nikamwambia, mwanangu, ningeweza kusimama bila ukuta ningekuja kufanya nini hapa?

Kasema anajua. Niachie tu, ahesabu mpaka tatu.

Goti linatetemeka. Mkono wa kushoto nimeachia.