Kidole cha Mguu cha Mwalimu Akindino

Kwa ndugu yangu Sisinio, uliye ng'ambo ya maji katika nyumba ya wakoma,

Salamu nyingi zikufikie. Baada ya salamu nataka kujua hali yako, na nataka jibu la kweli, si lile la "namshukuru Mungu" tuliloandikiana miaka yote. Vidole vya mkono wa kulia bado vina hisi? Macho je? Watawa wanakupa kuni za kutosha kwa baridi hii? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio unaochemka, na naomba univumilie mpaka mwisho, maana habari hii inakuhusu wewe kuliko mimi.

Ile barua yako ya Septemba aliileta dada yako Anthusa mwenyewe, kwa miguu, mpaka nyumbani kwa Mwalimu Akindino. Ilikuwa Jumanne, siku yetu ya kusomeana barua, na watu walikuwa wamejaa. Akindino alikuwa amejilaza, mguu juu ya mto kwa sababu ya ugonjwa wa jongo, akitusomea barua aliyomwandikia askofu mmoja juu ya kidole chake cha mguu. Nakuapia, Sisinio, kurasa nne za kidole kimoja. Kidole kilikuwa mji uliozingirwa, maumivu yalikuwa majeshi, dawa ya kubandika ilikuwa mjumbe wa amani aliyerudishwa bila heshima. Watu walilia. Na mimi nilifuta macho.

Alipomaliza, Anthusa akaingia akasema ana barua yako. Hakuna aliyeuliza kama u hai. Yule karani wa mahakama, uliyekuwa ukimsahihishia hotuba zake, aliuliza kama karatasi hiyo umeishika kwa mikono yako. Anthusa akamuuliza kwani yeye karani huandika kwa miguu. Hapo Akindino akaagiza koleo la moto. Koleo, ndugu yangu. Barua ya mtu aliyemfundishia wanawe kusoma ilibanwa kama panya aliyekufa, ikatupwa nje ya kizingiti. Kisha akamgeukia dada yako kwa sauti ile laini ya kuhutubia.

"Binti yangu, Sisinio tunampenda sana. Tunamwombea. Lakini upendo hauhitaji karatasi."

"Nimesimama mlangoni tangu kidole chako kilipoanza, Mwalimu," Anthusa akamwambia. "Kimepata kurasa nne. Ndugu yangu alikuwa anaomba mmoja tu."

Akatoka. Hakuna aliyemfuata isipokuwa mimi, na hata mimi sikumfuata yeye, niliifuata barua. Niliiokota nikaisoma nimesimama kando ya tanuri la mikate. Hukuwa umepamba kitu. Ulisema kila asubuhi unagusisha kikombe cha moto kwenye nyayo, ujue kama bado ni zako. Ulisema mnaitana kwa majina ya miji mliyotoka, kwa sababu majina ya wazazi yanaumiza. Ulisema hutamani mvinyo wala bafu. Unatamani mtu wa kukubishia, maana huko kila mtu anakuonea huruma na kukukubalia. Nilikasirika hata nikampita mwokaji bila kumwitikia salamu. Nikaapa kwamba wale watu wataisikia barua hiyo, wapende wasipende.

Basi niliinakili yote kwa mwandiko wangu, kwenye karatasi mpya. Jumanne iliyofuata nikasema nimetunga zoezi, kama yale tuliyofanyishwa shuleni: maneno ambayo angeyasema mwalimu aliyepatwa na ukoma. Nikasoma. Wakalia kuliko walivyokililia kidole. Akindino alinitaka nirudie pale pa kikombe. Alinibusu mikono yote miwili, na karatasi akaibusu pia.

Nilikuwa nimepanga kusema wakati huo huo: ni Sisinio huyo, mliyemshika kwa koleo. Hilo ndilo ninalopaswa kukuambia, ndugu yangu, na nimezunguka kurasa hizi zote kulikwepa. Sikusema. Nilisubiri sifa ziishe kwanza, na hazikuisha. Wiki ile ile Akindino aliniombea kiti cha kufundisha kilichokuwa wazi. Ni kiti chako. Nilikikalia siku arobaini, na wanafunzi wako walinakili maneno yako kama yangu.

Jumanne iliyopita Akindino alikuwa na wageni, akaniomba nisome tena. Nilisoma, kisha nikawaambia maneno ni ya nani, na kwamba barua yenyewe nilikuwa nayo kifuani siku zote hizo. Ungewaona. Akindino aliitisha siki anawe midomo. Karani akasema hata yeye aliona tangu mwanzo kwamba lugha ile ni ya ovyo, haina mpangilio. Machozi yake yalikuwa hayajakauka. Nikawaambia kiti chao wakichukue, nikaondoka, na tangu siku hiyo hakuna anayenipa mkono kanisani.

Lakini hasira yangu kwao haifuti kosa langu. Wao walikukataa mchana, mbele ya dada yako. Mimi nilikuokota nikakuvaa.

Nimemweleza Anthusa yote. Hakunitukana. Aliniambia niandike kwanza, ndipo nije, ili upate nafasi ya kunifungia mlango kama walivyokufungia wewe. Kwa hiyo nitavuka Jumamosi. Usijibu kwa barua. Mimi na barua zako hatuaminiki. Usipotaka kuniona, mwambie bawabu. Nitakaa nje mpaka anifukuze, na jambo hilo sitamsomea mtu yeyote.

Wasalimie wale wa miji yote mnaokaa pamoja. Anthusa anakusalimu sana, anasema soksi za sufu ziko njiani.

Ni mimi, asiyestahili kujiita rafiki yako,
Eustratio