Mtegemezi Mmoja

Tarehe 3 Machi

Baba shikamoo,

Mimi mzima, ila mgongo bado unalalamikia lile lori la mizigo. Goti lako je, linasemaje? Nimesharipoti kwenye zahanati mpya. Nyumba niliyopewa ina vyumba viwili, kimoja ni chako na pazia nimeshatundika. Usianze kubisha.

Nimejaza madai ya uhamisho: nauli yangu, mizigo, na nauli ya mtegemezi mmoja, yaani wewe. Mhasibu atakuandikia kuhakikisha. Nakuomba ujibu "ndiyo", basi. Nikikufikiria peke yako na ile ngazi yako ya paa, usingizi hauji.

Mwanao

Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linasema mengi, mimi silisikilizi. Barua ya mhasibu wako nimeipata. Muhuri umepinda na kumbukumbu namba haipo. Enzi zangu ningemrudishia. Ananiuliza mimi, niliyekaa kwenye dirisha la malipo ya serikali mpaka nywele zikaniisha, eti kama namtegemea mtoto wangu kwa chakula na malazi!

Nimemjibu kwa kirefu. Nimemweleza kwamba nina pensheni, nina nyumba, mashati nafua mwenyewe, na tangu nizaliwe sijamtegemea mtu. Nimempongeza pia kwa kuwa macho, maana watu siku hizi wanadai nauli hata za mashangazi hewa.

Hilo pazia ni la rangi gani?

Baba yako

Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo, ingawa leo naitoa shingo upande. Mhasibu ameisoma barua yako mbele ya ofisi nzima. Nimeandikiwa nijieleze kwa nini nimedai nauli ya mtu asiyenitegemea. Madai yote yamezuiwa, hata ya lori, na mwenye lori anakuja zahanati kila asubuhi akisingizia kichwa kinamuuma. Wauguzi wenzangu wananiita Binti Hewa.

Nilikuomba neno moja tu, Baba. Umenichongea mwenyewe! Pazia lilikuwa la kijani. Nimelishusha.

Mwanao

Tarehe 11 Mei

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo kiasi. Nimechelewa kuandika kwa sababu ngazi iliteleza. Usipige kelele, hakuna kilichovunjika isipokuwa ngazi yenyewe. Nilikaa kwenye tope na goti langu, nikaita. Nilikuita wewe, mtu aliye mbali safari ya siku mbili! Marehemu mama yako sikumwita, najua angenicheka. Aliyekuja ni fundi cherehani wa jirani, na tangu siku hiyo ndiye anayenifulia mashati. Anayafua vibaya.

Basi nimemwandikia tena mhasibu, nakala tatu, kumbukumbu namba ipo, muhuri wa serikali ya mtaa umenyooka. Nimefuta maelezo yangu ya awali. Nimeeleza kwamba yalitolewa na mzee mwenye kiburi, na kwamba binti yake hakusema uongo hata kidogo. Ile sentensi niliiandika mara nne, mwanangu. Ilinichoma, halafu nikajisikia nafuu.

Amejibu. Amekubali kulipa yote, lori na nauli yangu, nikifika mbele yake mwenyewe nikiwa na tiketi. Ningekuwa mimi, ningeamua hivyo hivyo. Nasafiri Jumatatu, na tiketi nimeishonea ndani ya koti.

Litundike pazia.

Mtegemezi wako,
Baba