Vijiko vya Ukurasa wa Tisa

Baraka, mwezi wa tano 1974

Yaya Semutobo, mukubwa wangu,

Tuko bazima, ngombe ya mama imezaa. Lakini bureau yenu, ile ofisi ya afya ya Bukavu, mi siielewi. Mulisema kitabu cha afya ni cha wote, na sisi wenye kujitolea tuwaandikie makosa. Tuliuliza mara tatu: maji ya mutoto mwenye kuhara yanataka chumvi kijiko kimoja, kama ukurasa wa tatu, ao vitatu, kama wa tisa?

Leo ku posta nimeona majibu yenu, yote kwa jina langu la zamani, Marta. Karani amekataa kunipa. Anasema majina ya ubatizo yamekatazwa, hapa Zaire hakuna Marta. Mbona ninyi hamukubadilisha orodha ya majina yetu?

Mutoto wa jirani yetu Nyirabahire anahara tangu jana. Nimupe vijiko ngapi?

Ku bahasha andika Mukarurangwa.

Mudogo wako