Makofi ya Katandala

Jumanne

Nimekataa.

Wakala wa kampuni ya reli alikuja Katandala na picha za treni za umeme, mpya zote, za kupeleka watu kazini kila siku mpaka Kasanga. Akaomba mashamba ya kupitisha reli, bila fidia. Alipomaliza, wazee walichuchumaa wakapiga makofi taratibu, kama sisi Wafipa tunavyomheshimu mgeni yeyote.

"Wameridhia!" wakala akashangilia.

Bosi wangu wa ofisini, aliyemsindikiza, akanigeukia. "Karani, tangaza kwamba wamekubali."

"Hiyo ni heshima tu, mzee. Hata mwizi tungempigia."

Watu wakacheka. Bibi mmoja akadakia, "Umeme wa taa hatuna, huo wa treni atautoa wapi? Mwambie hatujampa kitu, mjukuu wangu!"

Nikatangaza hivyo hivyo, kwa sauti.

Njiani bosi akaninong'oneza, "Ofisini wanapunguza watu, kijana. Unajua?"

Najua. Naogopa sana, na mama ananitegemea mimi tu. Lakini yale mashamba...

Kesho asubuhi nitamchuchumalia bosi na kumpigia makofi, kama kawaida. Asije akadhani nimekubali.