Sharti Lililotundikwa Ukutani

Al Jaddaf, Dubai
30 Oktoba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi magoti, na ile sukari? Mimi mzima, ila usingizi umenipaa.

Katika majlisi, sebule ya wageni ya kina Fawaz, imetundikwa hati ya ndoa ya bibi yao mkubwa, iliyotoka Uajemi. Kila mgeni huyasifia maua yake ya dhahabu. Raghad wa kazini anakijua Kiajemi, akanisomea kwenye picha niliyoipiga: mume akitoweka miezi sita bila habari wala matunzo, mke ana idhini ya kujitaliki. Nikamwambia mamkwe nami nalitaka sharti hilo. Akasema, “Kwani unakuja kuolewa au kushitaki?” Ndoa yangu na Fawaz ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nifanyeje?

Mwanao, Kawthar

Kikwajuni, Unguja
1 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Sukari ilikuwa imeshuka, barua yako ikanipandisha presha. Una miaka thelathini na nne, na Fawaz ni mtoto wa watu. Kutaja talaka kabla ya harusi ni uchuro. Nyamaza uolewe kwanza, nakuomba.

Mama yako, Mwatima

Dubai
4 Novemba

Mama,

Shikamoo. Umekunywa dawa? Usinikasirikie. Baba alipoondoka ulikaa miaka tisa, si mke si mtalaka, mpaka ikaja habari ya mauti yake. Nani aliutaja uchuro hapo?

Fawaz nikimwuliza anasema, “Yalla, haya, tutazungumza.” Ami Abdullatif, walii wangu wa kuniozesha, kasema khalas, basi, asisikie habari za sharti. Nampenda Fawaz, Mama, na naogopa.

Mwanao

Unguja
6 Novemba

Kawthar,

Marahaba mwanangu. Nimelia. Kisha nikampigia ami yako. Nikamwambia: “Miaka tisa nilikuuliza nduguyo yuko wapi, ukasema hujui. Matangani ndipo nilipojua mlikuwa mkipigiana simu. Kesho ukinyamaza tena, ukoo mzima utalisikia hilo.” Akakata simu. Sijui nimekutengenezea au nimekuharibia. Niandikie upesi.

Mama yako

Dubai
8 Novemba

Mama,

Shikamoo. Samahani nimechelewa.

Jana ndoa ilifungwa palepale majlisini; mimi nilikuwa chumba cha wanawake, mlango wazi kidogo. Sheikh akauliza kama kuna sharti. Ami akakohoa, halafu akasema, “Lipo. Lile pale ukutani. Literemsheni.”

Fawaz akainuka. Nilimwona mgongo tu, nikadhani anatoka. Akaishusha ile fremu, akaiweka mbele ya sheikh, akaniita nieleze imesema nini.

Nikasema: miezi sita. Sheikh akaandika.

Mamkwe bado hasemi nami. Ukutani umebaki msumari.

Mwanao, Kawthar