Vifuniko vya Karani

Nyumbani, chumba cha kushonea
Jumanne, tarehe 14, alasiri

Mpendwa Wifi yangu,

Hujambo wewe, na wa kwako wote hawajambo? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukiinama kufunga kiatu unabaki huko huko mpaka apite mtu akuinue. Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikakuombea. Na shemeji yangu ameacha kukoroma, au bado unalala na pamba masikioni? Sisi tupo. Kaka yako yupo, unga kichwani kama kawaida, siku hizi hatujui tena ipi ni mvi na ipi ni kazi. Mimi nipo, cherehani ipo.

Nimerefusha salamu kwa sababu zikiisha itabidi niseme. Ijumaa nilikupigia simu, na jana tena. Ukasema halo, halo, nani mwenzangu, nikakata. Ni mimi. Basi nimeona niandike, maana dereva wa lori la unga anaondoka kesho kuja huko kwenu ng'ambo ya mpaka, na ameahidi kukukabidhi mwenyewe Alhamisi jioni.

Wifi, Karani anaumwa. Amelazwa siku nne, tumerudi naye nyumbani Jumapili, na bado hatujajua figo zake zimepona au zimeharibika. Na aliyemfikisha huko ni mimi. Nakuomba usiiweke barua chini hapo. Isome hadi mwisho, halafu unitukane, ni haki yako.

Ulipomwona mara ya mwisho alikuwa na miaka mitatu, na daktari ndiyo kwanza alikuwa ametuambia kwamba ni usonji. Sasa ana sita. Hilo jina la Karani alimpa baba yake, kwa vile kazi ya mtoto ni moja tu, kupanga. Anapanga vifungo vyangu, anapanga vibanio vya nguo, lakini anachokipenda hasa ni vifuniko. Chupa yoyote ikiisha humu ndani, kifuniko ni chake. Anavipanga ukingoni mwa meza yangu ya kukatia, vikubwa kwenda vidogo, na ukikisogeza kimoja kwa kiwiko atakirudisha mahali pake bila hata kukutazama, kama mtu aliyekatizwa kazini.

Kusema hasemi. Anavuma tu kama nyuki, sauti moja, kutwa nzima. Sikufichi, kuna siku nilimwomba Mungu ainyamazishe japo kwa saa moja nimalize kazi ya watu. Siku hiyo naikumbuka sana sasa.

Mwaka jana, watoto wa rika lake walipoanza shule, nilishona sare thelathini na moja. Nikampima na Karani, eti najaribu tu. Nikakata, nikashona, nikaitundika nyuma ya mlango. Shule ikatuambia arudi atakapoweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Tangu hapo kila nikifunga mlango naiona ile sare, imenyooka, haijavaliwa. Ndipo hofu iliponiingia, Wifi, hofu yenyewe hasa. Siku mimi na kaka yako tukifa, nani atajua kwamba akivuma kwa juu ana kiu, na akivuma kwa chini tumbo linamuuma?

Mfa maji haachi kutapatapa. Mteja wangu mmoja wa mapazia akanipeleka kwa mama anayeuza virutubisho, ofisi yenye kiyoyozi na maua ya plastiki. Mimi na kaka yako tukambandika jina la Bibi Siku Tisini, maana kwake kila kitu ni siku tisini. Siku tisini mtoto ataita mama. Siku tisini ataingia darasani. Tulimcheka, lakini matone yake nilinunua, na baadaye na sharubati yake pia. Akanipa na orodha ya vyakula vya kukatazwa, na cha kwanza kabisa ni ngano. Mtoto wa mwokaji mikate, Wifi, amekatazwa mkate! Kaka yako aliisoma ile karatasi, akaikunja, akasema basi na yeye atolewe nje pamoja na mkate wake. Nikadhani utani. Wiki ya pili nikikagua suruali zake kabla ya kufua nikakuta vipande vya mkate mfukoni, anamlisha mtoto kwa siri. Tukanuniana mpaka mwisho wa mwezi.

Mama mkwe naye akasikia, akaleta mafuta ya samaki, kijiko kila asubuhi. Na wewe ukatuma makopo ya unga wa vitamini, kwanza dogo, halafu kubwa. Sasa mimi ningemkatalia nani? Mama? Unamjua mama yako, ningeacha chupa yake siku moja, angesema nimeitupa jalalani pamoja na yeye mwenyewe. Au wewe, uliyejinyima huko ili utume? Nikapokea vyote, nikampa vyote. Kila asubuhi kaka yako akiwa tanurini, mimi na chupa zangu mezani, na nilijiona mama hodari kuliko wote mtaani.

Na unajua tabia yangu, chombo kikiisha sikitupi. Nakilowesha, nabandua karatasi yake, natia pini na vifungo. Yaliyoandikwa kwenye karatasi hizo sikuwahi kuyasoma. Ya kwako iliandikwa kwa lugha ya huko, hata ningejaribu ningeambulia nini?

Mwezi uliopita akaanza kiu. Si kiu ya kawaida, maana alikunywa hata maji ninayonyunyizia nguo za kupiga pasi. Anakunywa, anakojoa, anarudi bombani. Choo kikakataa siku tano, halafu akaanza kutapika. Nikampigia Bibi Siku Tisini. Akafurahi. Akasema hiyo ni dalili njema, taka zinatoka mwilini, niongeze matone mawili. Nikaongeza. Nataka ulijue hilo, Wifi. Niliona mwanangu anatapika, na nikaongeza.

Jumatano iliyopita nilikuwa nakunja pindo la pazia, nikahisi chumba kimepungukiwa na kitu. Nikadhani umeme umekatika, lakini cherehani ilikuwa inakwenda. Nikaisimamisha nisikilize. Karani alikuwa hatoi ile sauti yake. Nikageuka, nikamwona amekaa chini, mgongo ukutani, kifuko chake cha vifuniko mapajani, hapangi. Nikamwita, nikampigia makofi, hakujali. Nilitoka mbio na mtoto mgongoni, futi ya kupimia shingoni, na viatu viwili visivyofanana.

Daktari aliyetupokea ni mwanamke, mdogo kwetu kwa umri, mpole. Akaniuliza mtoto anatumia dawa gani. Nikajibu hatumii, labda vitamini za kawaida tu. Akauliza tena kwa njia nyingine, nikajibu yale yale. Wifi, unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza nikisema, kaka yako atajua kwamba nilimpa vyote kwa pamoja, kaka yako akijua mama atajua, na mama atasema mke wa mwanangu amemlisha mjukuu wangu madawa ya mitaani. Mtoto ananilegea mikononi, na mimi nalinda jina langu ukweni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha, na kifo namsogezea mwingine.

Karani akaona ukingo wa meza ya daktari, mrefu, safi, hauna kitu. Akateremka kutoka mapajani mwangu, akashikilia kiti asianguke, akafungua kifuko, akaanza kupanga. Kimoja kinamdondoka, anainama, anakiokota. Vikubwa kwenda vidogo. Cha kijani cha kopo lako kubwa, vya njano vya mafuta ya mama, vyeupe vile vya kubonyeza ndipo vifunguke, vilivyotengenezwa ili watoto wasiweze kuvifungua. Daktari akaacha kuandika. Akavihesabu kwa ncha ya kalamu, vikafika ishirini na tatu.

"Mama," akasema, "mtoto ameshanijibu. Sasa nijibu na wewe."

Nikamweleza yote, mpaka yale matone mawili ya kuongeza. Hakunigombeza. Natamani angenigombeza. Alinieleza taratibu kwamba karibu kila kimoja kati ya hivyo kina vitamini D ndani yake. Kimoja peke yake pengine kisingekuwa na neno, lakini vyote kwa pamoja, kila siku, miezi na miezi, madini ya kalsiamu yanajaa kwenye damu na mzigo wote unazielemea figo. Nikamwuliza kama zile taka zilikuwa zimeanza kutoka. Akanitazama kwa huruma, akasema mtoto hakuwa na taka yoyote ya kutoa. Kilichokuwa kinamdhuru nilikuwa nampa mimi, kwa kijiko.

Kaka yako alikuja na aproni yake ya kazini. Nikamwambia pale pale kwenye korido, maana nilijua nikingoja nitaanza kutafuta maneno mazuri. Nilijikaza kisabuni nikingoja ghadhabu zake, na ghadhabu za ukoo wenu nazijua. Akakaa kwenye benchi akatazama viganja vyake.

"Nikitia hamira mara nne, mkate haukui mara nne," akasema. "Unaporomoka. Ungeniuliza tu, Mama Karani."

Basi. Hajaongeza neno juu ya hilo mpaka leo. Anaongea na mimi vizuri, chai tunakunywa pamoja, lakini kila anapotoka kwenda kazini anafungua kwanza kabati la jikoni, anatazama ndani, anafunga. Kabati ni tupu. Nilitupa kila kitu kwa mkono wangu. Bado anatazama.

Mama nimekwenda kumwambia mwenyewe jana. Aliuliza kama chupa yake ilikuwa mojawapo. Nikasema ndiyo, mama. Anaoishi nao wamenipigia simu asubuhi kwamba hajala tangu hapo. Ukiweza zungumza naye, wewe ndiye anayekusikia.

Na wewe sasa nakuambia, usije ukasikia kwa mtu mwingine ikatiwa chumvi. Kopo lako lilikuwemo. Wewe ulituma kitu kimoja, kwa mapenzi. Aliyevijumlisha ni mimi. Ukianza kujilaumu utanionea, maana lawama hii ni yangu na inanitosha.

Alitundikiwa dripu siku zile zote nne. Leo asubuhi wamechukua damu tena, na majibu yatatoka Alhamisi saa nne. Daktari anasema watoto wengi hupona. Mimi katika maneno hayo nimesikia neno "wengi" peke yake, na linanikosesha raha kutwa. Kila kikombe cha maji anachokunywa nachora mstari kwa chaki ya kazi ukutani. Juzi vilikuwa kumi na kimoja, jana vinane. Sijui kama kiu imepungua au amechoka kuomba. Mkate anakula, baba yake anamletea waziwazi sasa, lile ganda la pembeni alipendalo. Lakini kuvuma bado. Nyumba imekuwa kimya, Wifi, na mimi naogopa ukimya huu kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Zamani nilitaka aseme mama. Sasa sitaki aseme lolote, nataka nisikie tu ile sauti yake moja.

Nina ombi. Daktari anataka kujua kila kopo lilikuwa na kipimo gani ndani, ili akadirie mwili utachukua muda gani kujisafisha. La Bibi Siku Tisini amekwenda kaka yako mwenyewe, na amerudi na karatasi. La mama limejulikana. La kwako dogo nilikuta karatasi yake imeshika nusu. Hilo kubwa ndilo nililobandua likabaki bati tupu. Nenda dukani ulikonunua, utafute linalofanana, halafu nipigie unisomee. Safari hii nitapokea, na nitaongea. Nilitaka nikutumie kifuniko chake ukilinganishe, ila Karani akakishika kwa mikono miwili, na mimi kumnyang'anya kitu sasa siwezi. Simu yangu hii ya vitufe haipigi picha. Kwa hiyo alipokiweka mezani nimepenyeza karatasi hii chini yake, nikakizungushia kalamu hapa, kama ninavyochora kola. Ukubwa ni huo huo kamili.

Nisalimie shemeji na wale mapacha, waambie mke wa mjomba wao hajasahau magauni aliyowaahidi, vitambaa vimeshakatwa. Msalimie na yule mama jirani yako aliyekubebea kopo hadi kwenye gari, na asiambiwe lolote. Mungu akunyooshee mgongo, akuwekee wepesi usomapo haya, na atuhurumie sote tuliompenda mtoto kwa pupa.

Wifi, nilikuwa nataka kutia sahihi, nikainuka kutafuta bahasha. Niliporudi nimemkuta Karani amesimama mezani, anautazama ule mduara niliouacha mtupu kwenye karatasi. Ameutazama sana. Kisha ametoa kile kifuniko cha kijani kwenye mstari wake, amekiweka juu ya mduara, kimeenea sawasawa, na ameondoka zake. Sijawahi kumwona akimpa mtu kifuniko, hata mimi. Nakitia ndani ya bahasha. Ukikishika mkononi majibu yatakuwa yametoka na mimi nitakuwa nimeshajua, lakini saa hii sijui chochote. Ukimaliza kukilinganisha, nakuomba ukirudishe upesi. Nafasi yake kwenye mstari ameiacha wazi.

Ni mimi nikupendaye,
Wifi yako wa cherehani