Nukta Nyekundu kwenye Kumbukumbu

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imezima tena. Katikati ya mazoezi ya gemu, adui yuko mbele yangu kabisa — pap, skrini ya bluu. Eti kuna tatizo, inakusanya taarifa. Ikusanye! Wenzangu wakabaki wanapigwa kama ngoma. Kapteni hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba Jumamosi, kwenye mchujo, hawezi kuingia na mtu anayepoteapotea.

Pacha alinitetea. Mtoto wa shangazi, tumezaliwa wiki moja, ndiyo maana tunaitana hivyo. Yeye ni mchezaji wa akiba: mimi nikitoka, yeye anaingia. Na bado alinitetea. Kompyuta yake nayo iliwahi kuugua ugonjwa huu huu, mwezi uliopita. Ikapona yenyewe. Anasema ni dua za mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimesasisha kila kinachosasishwa. Nimefuta gemu, nikaliweka upya. Nimebadilisha waya wa umeme. Nimeifungulia dirisha ipate hewa, kama mgonjwa. Ikatulia muda wa kutosha kunipa matumaini, kisha bluu.

Pacha kaja baada ya kazi. Anasema itakuwa kadi ya michoro, hiyo haina dawa, bora nipumzike mashindano haya. Akanishika bega. Nikalia mbele yake bila haya. Nikampa hata mbinu zangu zote za ramani ya pili, ili akiingia asiaibike. Nani mwingine ningempa?

Alhamisi, 6 Machi

Kapteni katangaza. Pacha ndani, mimi benchi. Nikaandika "hongera" kwenye kundi, na vikaragosi vya makofi. Moyoni hamkuwa na makofi yoyote.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi kaja nyumbani. Kachomoa vijiti viwili vya kumbukumbu — ramu, wanavyoziita wenyewe — kavijaribu kimoja kimoja. Kisha akamwambia Mama sebuleni: kumbukumbu yake moja imeharibika. Mama akashika kifua, akidhani ni kichwa changu. Na umri huu! Alijua tu, hata sufuria huwa naisahau jikoni inaungua! Tulicheka mpaka fundi akakaa chini.

Kicheko changu kilikatika aliponiwekea vijiti mkononi. Kizima kina nukta nyekundu pembeni. Kibovu hakina.

Nilivipaka vyote viwili. Rangi yangu ya kucha, siku nilipovinunua, pambo tu, sikumwambia mtu. Na anayefungua kompyuta yangu ni mimi na Pacha, basi. Mwezi uliopita alikuja kuipuliza vumbi. Kwa hiari yake! Nikampikia na kumshukuru.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni maneno ya kufundishia watoto shuleni. Kijiti kinanunuliwa, si kitu. Kinachoniuma ni ule mkono begani. Alijua ninalilia nini, akaendelea kunibembeleza.

Jumamosi, 8 Machi

Mchujo ni leo jioni. Nimejipaka kucha upya, rangi ile ile, nikaja kwa shangazi. Naandika hapa hapa, chumbani kwa Pacha, shajara iko mapajani.

Shangazi alinipokea mlangoni. Shikamoo, marahaba mwanangu, umekuja kumshangilia mwenzio, una moyo safi wewe. Nikasema ndiyo, shangazi. Ningesema nini?

Kompyuta yake ina ubavu wa kioo. Kaugeuzia ukutani. Nikaizungusha, eti natafuta pa kuchomeka chaja. Imo! Nukta yangu, inang'aa kwa taa zake mwenyewe.

Nikamuuliza kwa upole: hii alama nyekundu ya nini? Hakusita. Alama ya kiwanda, anasema, zote huja nayo. Nikamwonyesha kijiti cha jirani yake: mbona hiki hakina? Maskini, kumbe hata siku ile aliiona, akadhani ndiyo dalili ya kijiti bora!

Nikaweka kidole kwenye kioo, kucha kando ya nukta. Rangi moja.

Akatazama kucha. Akatazama nukta. Akasema labda tulivichanganya siku ile ya vumbi, bahati mbaya tu, Pacha wangu, usimwambie Kapteni, nakirudisha sasa hivi, ngoja nikachukue bisibisi.

Tulivichanganya! Mimi siku ile nilikuwa jikoni, namkaangia mayai.

Nimesikia mlango wa nje ukifungwa. Simu yake iko hapa kitandani, inatetemeka — Kapteni. Imekatika. Kapteni tena. Shangazi anauliza kutoka jikoni, Pacha anakunywa chai kabla ya mchezo au baadaye?

Bisibisi iko mezani, mbele yangu.